Mchanga wa Nyuma ya Nyumba

Mtu yeyote wa kwetu akipata barua ya kuhamishiwa Mtwara, simu ya kwanza ananipigia mimi. Hata hajasalimia vizuri. "Dada, huko kuko salama?" Wengine wameshasoma mambo kwenye simu zao, wameangalia ramani, wameuona mto Ruvuma na nchi ya watu ng'ambo yake, basi roho juu juu. Mimi huwajibu kwa mkato: kuko salama, njooni na neti na kandambili, joto mtalizoea. Wanafurahi, wanakata simu.

Nisichowaambia ni kwamba mwaka wangu wa kwanza hapa, mimi mgeni, mwalimu wa hesabu mwenye mtoto mmoja, nilisababisha mwanamume wa nyumba ya jirani akamatwe na kurudishwa kule alikokimbia asiuawe. Sikumpiga, sikumtukana. Nilisema maneno mawili matatu ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, tena kwa hasira ya mambo yangu mwenyewe. Kama alipona au hakupona, ndicho nilichokaa miezi nikisubiri kukijua. Nimeamua kukieleza kwa sababu nimechoka kujibu zile simu.

Nilifika mwishoni mwa Juni, nikitokea Njombe kwenye baridi, na masweta matano ambayo hadi leo yamo sandukuni. Nyumbani walikuwa wamenijaza maneno. Mama alisema nisile kitu cha mtu. Shangazi alisema mtoto asishikwe kichwa na watu nisiowajua. Kaka yangu, ambaye hajawahi kupita Makambako, alinichorea mezani kwa kidole jinsi watu wenye silaha wanavyoweza kuvuka mto asubuhi na kufika mjini kabla ya mchana. Nilimcheka, nikamwambia aache umbea. Lakini maneno yake nilisafiri nayo, na nilipofika nikayafungua kabla ya mabegi.

Nyumba niliyopata ilikuwa Likombe, ya mwisho kabla mikorosho haijaanza. Mbele, barabara ya vumbi. Upande mmoja nyumba ya jirani, upande wa pili pagale lisiloezekwa ambalo mwenyewe yuko Dar. Nyuma, mchanga mtupu hatua kama ishirini, kisha mikorosho, na nyuma ya mikorosho mikorosho mingine. Mama mwenye nyumba anakaa Rahaleo. Aliponikabidhi ufunguo alisema, "Mwalimu, kesho uende kwa mjumbe, halafu kwa mwenyekiti wa mtaa ukaandikwe kwenye daftari. Huku kwetu mgeni lazima ajulikane." Nikasema sawa mama.

Sikwenda. Kesho yake nilikuwa na shule. Keshokutwa maji yalikuwa hayatoki. Wiki ilipopita nikajiambia mimi ni mtumishi wa serikali, serikali gani tena niende kujitambulisha kwake? Ndivyo nilivyo. Nikiambiwa fanya, mguu unakuwa mzito.

Asubuhi ya tatu nilidhani kaka yangu alikuwa nabii. Jua lilikuwa halijachomoza. Nikasikia ngurumo ya injini kutoka mikoroshoni, si moja, tatu au nne, inapanda na kushuka. Nikachungulia dirishani. Wingu jeupe lilikuwa linatambaa kati ya miti, na ndani ya wingu wakatokea wanaume wamejifunga vitambaa usoni, macho tu ndiyo yanaonekana, mgongoni wamebeba mashine zenye mabomba. Mungu wangu! Nilimzoa mwanangu, wa miaka mitano wakati ule, nikajifungia naye bafuni. Nilikaa juu ya ndoo nikisali sala zote ninazozijua na nyingine nikazitunga palepale.

Shuleni nilipolisimulia jambo hilo, mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa Mtawanya, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu! Wanapuliza salfa! Mikorosho inapigwa dawa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani. Ulitaka wapulize bila kuziba pua?" Habari ilizunguka shule nzima. Wanafunzi wa kidato cha pili wakawa nikigeukia ubao wananguruma kwa chini, vruuum. Nilicheka nao kwa sababu ningefanya nini, lakini moyoni iliniuma. Nikaapa: huku sitauliza tena jambo lolote mpaka niwe na hakika nalo.

Kiapo hicho ndicho kilichoniharibia.

Ilikuwa katikati ya Agosti nilipoanza kuuona mchanga wa nyuma. Mimi nilikuwa nafagia mbele tu, kule nyuma nilianika nguo basi. Asubuhi moja nikatoka na beseni, nikakuta eneo lote, kuanzia ukuta wangu hadi mikorosho ya kwanza, limefagiliwa. Si kufagiliwa kwa kutoa uchafu, hapana. Mchanga ulikuwa umelainishwa kama unga kwenye ungo, mistari ya tawi inaonekana, na hakuna alama ya mguu hata mmoja, hata wa huyo aliyefagia. Nikasimama na beseni langu nikaogopa kukanyaga. Siku ya pili vilevile, na siku ya tatu.

Nikaanza kuvizia, nikamwona. Mwanamume mrefu, mwembamba, umri kama wa miaka thelathini na kitu, suruali amekunja hadi magotini. Alikuja jioni jua likiwa linaelekea kuzama, na tawi lenye majani. Alianzia ukutani kwangu, chini ya dirisha la chumba alicholala mwanangu, akawa anarudi kinyumenyume huku anafagia, anafuta na nyayo zake mwenyewe, hadi akafika mikoroshoni. Hapo alisimama akaitazama nyumba yangu kwa muda mrefu, dirisha kwa dirisha. Kisha akaondoka. Asubuhi alikuja tena, akapita pembeni ameinama, macho chini, anautazama ule mchanga kama mtu aliyedondosha sindano. Haya, wewe uliyejazwa maneno na shangazi, ungefikiri nini? Nilifikiri anafuta nyayo za mchana ili usiku aje kufanya lake. Siku nyingine nilifikiri ni mchawi. Nikahamisha kitanda cha mwanangu nikakileta chumbani kwangu.

Alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma nyumba ya jirani yangu. Huyu jirani alikuwa mwanamke wa rika langu, anauza barabarani ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, na makopa ya muhogo mkavu. Amezaliwa hapahapa, lakini babu na bibi yake walitoka ng'ambo ya Ruvuma, na nyumbani kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kuongea na wapita njia, wenyewe wakiongea Kimakonde. Wiki yangu ya pili alikuja kupiga hodi na bakuli la ming'oko limefunikwa kwa kawa. Nilipokea mlangoni, mguu mmoja nimeuweka kizingitini asije akapita, nikamshukuru kwa maneno mengi, na alipoondoka nikaimwaga yote shimo la taka. Chakula cha mtu! Loo, naandika haya na aibu inanipanda shingoni.

Mwisho wa Agosti alikuja tena, mikono mitupu safari hii. "Mwalimu, nina neno dogo nataka nikuambie. La huko nyuma ya nyumba."

Nilikuwa na madaftari kwapani, mwanangu ana homa, mkaa umeloa. "Jirani, leo nina haraka kweli. Siku nyingine."

"Haya mwalimu," alisema. "Siku nyingine."

Nilimwuliza yule mwenzangu wa Mtawanya, kwa kuzungukazunguka ili asinicheke, yule mwanamume wa kwa jirani ni nani. Alikuwa anakula muhogo. Aliacha kutafuna. "Yule? Nadhani ni shemeji yao," alisema, halafu akaanza kuongelea ratiba ya mitihani. Nikamwuliza muuza duka, naye akasema hamjui, wakati nilishamwona akimpa sabuni kwa mkono wake. Mtaa mzima ukiulizwa habari za mtu huyu unafunga mdomo. Basi nikajua, nikasema moyoni, huyu ni wa ng'ambo, na kumbe wote wamo.

Jumatano moja ya Septemba mjumbe alikuja na ujumbe mfupi: mwenyekiti ananiita kesho saa kumi. Nilikwenda nimenuna tayari. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye rangi ya bluu nusu ukuta, meza, daftari kubwa, na benchi lenye watu wanne watano wanaosubiri, mmoja wao mama wa mwanafunzi wangu. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole, kofia ya kushonwa kwa mkono, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, mwalimu. Una muda gani hapa mtaani kwetu?"

"Miezi miwili na nusu."

"Miezi miwili na nusu!" Aliwageukia wale wa kwenye benchi, kama anawaomba wamsaidie kushangaa. "Mwanangu, ukipatwa na jambo tutasema wewe ni nani? Na wakati wenyewe ndio huu. Mto uko pale, huko ng'ambo vijiji vinachomwa, kila sura mpya tunatakiwa tuijue. Wewe ndiye msomi, ndiye wa kuwaelekeza wenzio, halafu unajificha?"

Kwenye benchi kuna mtu alicheka kidogo, kwa pua. Nikahisi masikio yanawaka. Angeniambia mvivu ningekubali. Lakini kujificha, mimi, mbele ya mzazi!

"Mimi najificha?" nilisema, sauti imeshapanda. "Mimi natoka asubuhi kweupe, narudi mchana kweupe, kila mtu ananiona! Kwa nini hamumuulizi yule mwanamume wa kwa jirani yangu, anayefuta nyayo nyuma ya nyumba yangu kila jioni? Yeye kaandikwa kwenye daftari gani?"

Yule aliyecheka akainamia kanga yake. Mwenyekiti aliweka kalamu chini taratibu sana.

"Mwanamume gani, mwalimu?"

Aliuliza kwa upole, na nikikumbuka leo naona alikuwa ananipa nafasi. Ningeweza kusema labda nimefananisha. Ningeweza kusema ni hasira tu, mnisamehe. Nikasema, "Wa ng'ambo. Mnamjua wote."

Mzee alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Umesema mbele za watu, mwalimu," alisema. "Sasa siwezi kujifanya sijasikia."

Kisha akaniandika. Jina langu, jina la mwanangu, nilikotoka, kazi. Akapiga muhuri, akanikaribisha mtaani, akanitakia heri. Kosa letu, mimi na yule mwanamume, lilikuwa moja: wote tulikuwa wageni ambao hatukujiandikisha. Mimi nilipigiwa muhuri nikaenda zangu nyumbani, tena njiani nilijiona nimeweza, nimewapa za uso.

Jumamosi, kama saa moja asubuhi, nilikuwa naosha vyombo jikoni. Dirisha la jikoni linatazama nyuma. Nilimwona amekuja kama kawaida yake, ameinama, anaangalia mchanga. Lakini safari hii hakuondoka. Alisogea chini ya mkorosho ulio karibu, akachuchumaa, akakaa anautazama mlango wangu wa nyuma. Nikasukuma komeo. Nilimwambia mwanangu asitoke. Nikaosha vyombo vile vile mara mbili, naona kichwa chake kwa pembe ya jicho, dakika zinapita, yeye hasogei.

Nusu saa ikapita hivyo, au zaidi. Halafu gari likasimama mbele ya nyumba ya jirani. Wakashuka watu wanne wa uhamiaji pamoja na mjumbe, wawili wakazunguka nyuma. Yeye aliwaona. Alisimama, na nilitegemea akimbie, mikorosho iko pale nyuma yake, hatua tatu tu. Hakukimbia. Aliitembea ile njia yote ya mchanga uliofagiliwa kuja mlangoni kwangu, akiacha nyayo zake waziwazi, na alikuwa ameshafika hatua chache kutoka ukutani walipomshika mikono. Hawakumpiga, niseme ukweli. Hapo ndipo nilipofungua mlango, nilipoona ni salama kufungua.

Alinitazama usoni. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake kabla ya siku hiyo.

"Mama mwalimu," alisema, Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nyuma hapo, nyayo. Angalia dirisha ya mtoto."

Wakamchukua. Mjumbe hakuniinulia macho. Nikafuata ukuta wa nyuma, nikaenda chini ya lile dirisha.

Zilikuwepo. Si zake, yeye alikuwa pekupeku. Zilikuwa za viatu, soli yenye meno, kubwa, zimetoka upande wa pagale, zimekuja moja kwa moja hadi chini ya dirisha la chumba cha mwanangu. Hapo zimekanyagana, mtu amesimama muda. Kisha zimerudi zilikotoka. Juu ya mchanga ule laini zilionekana hadi chapa ya kisigino. Nilinyanyua macho nikaangalia wavu wa mbu wa dirisha. Pembeni ulikuwa umechanwa, mpasuko wa kuingia vidole vinne.

Nilitaka kupiga kelele wale watu warudi, gari lilikuwa bado halijaondoka, nilisikia injini. Sauti haikutoka. Mimi ambaye Alhamisi nilikuwa nayo ya kutosha.

Jioni nilikwenda kwa jirani. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani. Alinipisha nikae, akanieleza pasipo kuulizwa, kwa sauti ya kawaida, mikono magotini. Yule alikuwa mdogo wake, mtoto wa mama mdogo. Alivuka mto mwezi wa tano na kifurushi kimoja, kijiji chao kikiwa kimechomwa. Huko kwao, mambo yalipoanza, watu walijifunza kufagia mchanga kuzunguka nyumba kabla giza halijaingia, ili asubuhi wajue kama kuna mtu aliyekuja na amepitia wapi. Wakiona chapa za viatu wasivyovijua, familia nzima inaingia porini. Ndivyo alivyobaki hai. Na nyumba yangu, aliniambia, wapangaji waliotangulia waliibiwa mara mbili, mtu akipitia madirisha ya nyuma.

"Nilimwambia amekuja mwalimu, mwanamke peke yake na mtoto. Akasema basi huko nyuma atakuangalia yeye. Hana kazi, anafanya nini. Nilikuja kukuambia. Ulikuwa na haraka."

"Na kujiandikisha?" nilisema. Hata hapo nilikuwa natafuta kosa la kumpa mtu mwingine.

"Tulikuwa tunaogopa. Tulisema msimu wa korosho uishe kwanza, nimpeleke mwenyewe." Akanitazama. "Wanamrudisha, mwalimu. Wamesema kesho."

Sikusema ni mimi. Nilisema pole sana, nikasema Mungu atamlinda, nikainuka. Wakati natoka aliniita. "Mtoto wako shuleni anachoka kukungoja. Akitoka darasani umlete kwangu, ale, alale. Utampitia jioni."

Ningekataaje? Nilikuwa na deni kwake, deni la ndugu yake, na nilikuwa naliogopa lile dirisha. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu mwanangu akawa anakula mchana nyumba ya mtu ambaye nilimwuza ndugu yake. Miezi ile sikuwa na amani hata nusu siku. Nikiwa ubaoni, saa saba ikifika, chaki inasimama yenyewe. Nawaza: amejua? Kama amejua, kwenye sahani ya mwanangu anaweka nini? Jioni namdaka mtoto njiani namwuliza amekula nini, amekunywa nini, nani alimpa, tumbo vipi. Yeye ananijibu amekula ming'oko, mama, mitamu, na ananiimbia wimbo wa Kimakonde aliofundishwa. Dirisha nililiziba kwa matofali. Mchanga wa nyuma hakuna aliyeufagia tena, ukajaa majani makavu, na kama aliyekuja na vile viatu alirudi mara moja au mara kumi, sijui. Hadi leo sijui alikuwa nani. Huenda nasalimiana naye dukani.

Yeye, mdogo wake jirani, alipiga simu Ijumaa ya kwanza. Yuko huko ng'ambo kwenye kambi ya waliokimbia makazi, analala chini ya turubai, hajambo. Ijumaa ya pili akapiga. Ijumaa ya tatu akapiga, akasema watu wanasema kijijini kumetulia, anataka kwenda kuangalia shamba lake la mihogo kabla mvua hazijaanza, atarudi. Jirani alimkatalia simuni kwa makelele hadi nikamsikia kwangu. Ijumaa ya nne simu haikupatikana.

Basi kila Ijumaa nikimpitia mtoto namwuliza, "Kapiga?" Anasema, "Bado." Korosho zikaanza kudondoka, mtaa wote ukanuka mabibo, yale matunda ya mkorosho. "Kapiga?" "Bado." Nilijizuia nisiulize, nikashindwa. Niliuliza Oktoba yote, Novemba yote, Desemba yote, Ijumaa hata moja sikuiacha, kwa sababu angepiga tu, nami ningepona. Nilimwomba Mungu apige, na si kwa ajili yake peke yake, niseme tu.

Januari alikuja mfanyabiashara mmoja anayevuka na mitumba. Alikaa kwa jirani dakika kumi. Nilimwona anatoka, kofia mkononi. Walikuwa watatu, alimwambia jirani, mdogo wake na wengine wawili, shambani, wanang'oa mihogo, wakavamiwa. Waliozikwa ni hao watatu, pamoja, na waliowazika walikuwa na haraka.

Khitma ilisomwa Ijumaa iliyofuata. Mimi Mkristo, nilijifunga kanga nikaenda kumenya vitunguu na wanawake wengine tangu asubuhi. Watu wakasoma, wakala, wakaaga. Mwishoni tulibaki wawili uani, yeye anasugua sufuria kubwa kwa majivu, mimi nasuuza. Nilikuwa nimeamua, maana nilijua nisiposema siku ile sitasema tena.

"Jirani," nilisema, "kule ofisini, ni mimi niliyemtaja."

Mkono wake haukusimama. "Najua. Nilijua Alhamisi ile ile. Pale kwenye benchi kulikuwa na binamu yangu."

"Alhamisi? Sasa mbona hakuondoka?"

"Nilimfungia mzigo Ijumaa usiku. Aondoke alfajiri, aende kwa wajomba Mtawanya. Akaenda kwanza kuangalia huko nyuma kwako mara ya mwisho, akaona nyayo. Akarudi akaniambia, siwezi kwenda bila kumwambia mama mtoto. Nikamwambia kagonge. Akasema mwalimu ananiogopa, nikigonga atapiga kelele, nitamngoja afungue mwenyewe." Aliinamisha sufuria, akamwaga maji meusi. "Akarudi kwako, akakaa chini ya mkorosho, akakungoja ufungue."

Nilikumbuka komeo. Nilikumbuka nusu saa ile na vyombo nilivyoosha mara mbili.

"Umejua miezi yote hii," nilisema. "Unamlisha mwanangu. Kwa nini hukunifukuza? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungehama." Sasa ndipo alipoacha kusugua. "Mwalimu, tangu siku walipomchukua, mtaa huu mzima hakuna aliyethubutu kumtaja. Wanapita hapa wananiuliza habari ya biashara, habari ya mvua. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unakuja kila Ijumaa kuniuliza kama kapiga. Ukihama, mimi ningemsema na nani?"

Nilikaa palepale chini kwenye maji ya majivu nikalia kwa sauti. Hakuninyamazisha. Aliniacha nilie, akachukua sufuria iliyofuata.